Mawe ya Redio Juu ya Mkeka wa Mihogo

Juma hili rimoti ya televisheni yangu ilikataa kufanya kazi. Niliibonyeza, nikaipigapiga kiganjani kama wafanyavyo watu wote, wasomi kwa wasiosoma, kisha nikafungua kifuniko chake cha nyuma. Betri moja ilikuwa imevuja. Ute wake ulikwisha kukauka ukawa unga mweupe uliong'ang'ania springi, na harufu yake kali, ya chumvi na kutu, ilinipanda puani kabla sijaisogeza mbali na uso. Mtu mwenye akili timamu angezitupa betri zote mbili na kwenda dukani. Mimi nilizifuta kwa kitambaa, nikazipeleka dirishani, nikazilaza juani, na nikasimama kando yake kuzilinda. Kwa kitambo sikujua nazilinda dhidi ya nini, maana ninaishi ghorofani, peke yangu. Halafu nikakumbuka. Nilikuwa nazilinda dhidi ya kuku.

Nyumba ya bibi yangu, tuliyemwita Kukhu, ilikuwa nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Kenya, kando ya barabara ambayo malori yalipita yakinguruma kuelekea mpakani tangu alfajiri. Mbele ya nyumba palikuwa na uwanja uliofagiliwa mpaka udongo ukang'aa, na juu yake, kila jua lilipowaka, Kukhu alitandaza mkeka na kuanika vipande vya mihogo iliyochachushwa. Harufu ya mihogo ile, chachu na nzito, iliingia katika nguo, katika madaftari, hata katika maji ya kunywa. Watoto wenzangu waliotoka mbali waliikunjia pua. Mimi sikuwa na habari kwamba ni harufu. Nilidhani hivyo ndivyo hewa ilivyo.

Tulikuwa tumekuja kwa Kukhu, Mama na mimi, kwa sababu Mama aliugua. Baba alifanya kazi Mombasa, na hapakuwa na mtu wa kumuuguza Mama isipokuwa mama yake mzazi. Ugonjwa wenyewe niliambiwa ni wa kifua, na tangu siku hizo sijapata jina jingine ambalo ningeliamini zaidi ya hilo. Alikaa nyumbani kwa muda, akawa anaota jua ukutani huku akinisuka. Kisha siku moja alibebwa hadi hospitali ya wamisheni iliyokuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli. Watoto hawakuruhusiwa kuingia katika wodi ile. Nilieleweshwa jambo hilo kwa upole na watu wengi, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyenieleza alinipa kitu cha kula.

Aliyekuwa akienda kumwona kila mwisho wa juma ni Mjomba Wandera, kaka yake Mama. Mjomba alikuwa mwendeshaji wa boda boda, enzi zile boda boda ikiwa bado ni baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, akivusha abiria na mizigo kutoka lango la Kenya hadi lango la Uganda na kurudi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mapaja magumu kama magogo. Yeye ndiye aliyewaza habari ya redio.

Redio ile ilikuwa ya Baba, aliyoileta Krismasi moja ikiwa imefungwa kwa blanketi: nyeusi, yenye mkono wa kubebea, spika upande mmoja na mlango wa kaseti upande wa pili, na kitufe chekundu cha kurekodia ambacho nilikatazwa hata kukielekezea kidole. Kwetu betri hazikuitwa betri. Ziliitwa mawe. Redio ile ilikula mawe manne makubwa, na kwa kuwa mawe mapya yalikuwa kitu cha Krismasi, iliwashwa kwa habari na kwa ibada ya Jumapili tu.

"Mama, nipatie hiyo redio," Mjomba alimwambia Kukhu. "Nitaifunga kwa keria kama kastoma."

"Na ikianguka?"

"Ikianguka, tutaanguka pamoja."

"Wewe ukianguka utashonwa," Kukhu akasema. "Redio itashonwa na nani?"

"Mama, mtoto haruhusiwi kuingia. Basi sauti itatoka. Ama hata sauti imekatazwa?"

Kukhu aliivua kanga ya mabegani akaifungia redio.

Mjomba alirudi jioni akiwa na kichekesho, kwa maana hakuwa amevuka mpaka hata siku moja bila kurudi na kichekesho. Askari wa forodha, alisimulia, alimsimamisha langoni. "Akaniuliza, hiyo redio umeuziwa huku ama unaenda kuiuza huko? Nikamwambia, hapana, boss, inaenda kuona mgonjwa. Akasema, redio inaona mgonjwa? Nikamwambia, boss, hata wewe ukilazwa nitakuletea, chagua tu stesheni." Wanawake wa jirani walicheka. Kukhu hakucheka, alikuwa akiitazama redio ikifunguliwa, kama mtu anayetazama mgeni akivua viatu mlangoni.

Kanda ilianza kwa mkwaruzo. Kisha ikaja sauti ya Mjomba mwenyewe, ikitoka mahali penye mwangwi: "Haya, dada, sema. Taa nyekundu imewaka." Kimya. Kitu kama kijiko kikagonga bakuli. Kisha Mama.

"Mulembe, Mama," akasema.

Na Kukhu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda na mikono magotini, akaitikia kwa sauti kamili: "Mulembe, mwanangu."

Hakuna aliyemcheka. Tangu siku ile, kila kanda ilipochezwa, salamu ile iliitikiwa, na Mama alikuwa ameacha nafasi ya kutosha baada yake, kana kwamba alijua itaitikiwa.

Maneno yaliyofuata ninayajua kwa moyo, kama wengine wajuavyo sala. "Nekesa, mulembe. Huku kuna ndege anakuja kwa dirisha kila asubuhi kunichungulia. Anageuza kichwa hivi, kama wewe ukiwa na swali. Mama wa kitanda cha pili anakoroma mpaka sista anafikiria ni jenereta. Unaosha kola? Osha kola kwanza, halafu mikono ya shati, maji ikiwa bado safi. Usimsumbue Kukhu. Na usikubali mtu akunyoe. Nikirudi nitakusuka ile ya mistari, mpaka shingoni." Hapo Mjomba alisikika tena, kwa chini: "Tosha, dada, mawe yanaisha." Na Mama: "Ngoja, wacha nimwambie tu..." Mlio mkavu wa kitufe. Mwisho.

Jioni ile ya kwanza sikuisikiliza sauti yenyewe. Nilishughulika kuichunguza redio, mbele na nyuma, nikiweka jicho kwenye vitundu vya spika. Nilipoambiwa nikae chini, kanda ilikuwa imekwisha.

Tuliisikiliza tena kesho yake, na keshokutwa, kila jioni kabla ya chakula. Mawe, ambayo hata Mjomba alikwisha kusema yanaisha, hayakutosha kurekodia tena, na yakaendelea kuisha. Sauti ya Mama ikaanza kulegea. Maneno yakavutika, yakawa mazito na ya chini, kama ya mtu anayezungumza akiwa amelala kifudifudi. "Neeekesa," alisema, na kulifikia jina langu mpaka mwisho ikawa kazi. Niliwatazama wakubwa. Nyuso zao hazikubadilika. Mimi, hata hivyo, nilikuwa nimewahi kumsikia Mama akizungumza hivyo, siku chache kabla ya kubebwa, na nilijua maana yake. Mama alikuwa amezidiwa.

Mwisho wa juma Mjomba alirudi kutoka hospitali bila kichekesho. Alimwambia Kukhu mlangoni, akidhani sisikii, kwamba dada hakula, na kwamba usiku kucha homa haikushuka.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Kukhu ndiye aliyeyatoa mawe redioni. "Yakipata jua yataamka," alisema, na akayapanga juu ya mkeka katikati ya mihogo, manne, yamelala kando kwa kando, mekundu kati ya vipande vyeupe. Mtu yeyote aliyelelewa upande ule atakumbuka desturi hiyo. Leo ninaweza kueleza kwamba joto huichochea kemia iliyobaki ndani ya betri, ikapata nguvu kidogo ya muda mfupi. Wakati ule nilichoona ni kwamba jioni, mawe yaliporudishwa yakiwa bado na joto la mkeka, Mama alizungumza vizuri. Sauti ilikuwa imeinuka. Na Mjomba aliporudi tena kutoka ng'ambo, alisema: "Leo amekunywa uji wote. Akaomba mwingine. Sista akashangaa."

Katika maisha yangu ya baadaye nimewafundisha vijana namna ya kutofautisha mambo yanayofuatana na mambo yanayosababishana. Nimelifundisha somo hilo kwa ukali kidogo, nadhani, kuliko linavyohitaji. Mtoto niliyekuwa alikuwa na ushahidi, na ushahidi ulirudi juma baada ya juma: mawe yakichoka, Mama huchoka, mawe yakiota jua, Mama hupata nafuu. Hakuna aliyeniambia hivyo na hakuna niliyemuuliza. Lilikuwa jambo la wazi kama maji kuchemka. Nilichoshangaa ni kwamba watu wazima walikuwa nalo mikononi na hawakulitilia bidii. Kukhu angeweza kuyasahau mawe nje mpaka umande ukaanguka. Mjomba angeweza kuwasha redio kusikiliza mpira, akicheka, huku akimmaliza dada yake.

Basi nikaichukua kazi hiyo mimi. Asubuhi kabla ya shule niliyatoa mawe na kuyapanga juani, nikiyageuza ili pande zote zipate joto. Siku zisizo za shule nililinda mkeka kwa fimbo. Kukhu alidhani ninalinda mihogo na akanisifu kwa majirani. Jogoo mmoja aliwahi kunipita akadonoa jiwe mara moja, chap, kisha akaliacha kwa dharau, na mimi nikalia mpaka Kukhu akaacha kazi yake jikoni.

"Amekudonoa?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

"Amedonoa jiwe."

"Jiwe haisikii uchungu," Kukhu akasema, akanifuta uso kwa kiganja kilichonuka mihogo. "Kuku ndiye ameumia mdomo."

Mvua za kwetu huja alasiri, ghafla, kutoka upande wa ziwa. Siku moja tukiwa darasani paa la mabati lilianza kugongwa, tone hapa, tone pale, na kabla mwalimu hajainua sauti kuishinda mvua, nilikuwa nimekwisha kusimama na kufika mlangoni. Alikuwa mwalimu mkali, mwanamke mrefu ambaye hata wazazi walimwogopa.

"Wewe! Nekesa! Unaenda wapi?"

"Mama ananyeshewa," nikasema.

Darasa zima likacheka, kwa kuwa kila mtu alijua mama yangu yuko hospitali. Mwalimu hakucheka. Alinitazama kwa muda, chaki ikiwa bado juu, na uso wake ukafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa na uso huo. "Kimbia," akasema. "Kimbia, mama."

Nilikimbia. Nilifika nimelowa kichwa mpaka soksi, nikamkuta Kukhu anakunja mkeka wa mihogo, na mawe yako chini kwenye tope. Niliyaokota, nikayafuta kwa sketi, nikalala nayo chini ya blanketi, tumboni, ili yasishikwe na baridi. Yalikuwa mazito na yalinuka kutu. Jioni ile Mama alizungumza kwa tabu sana, na kabla ya kufika kwenye habari ya kola alinyamaza kabisa, magurudumu ya kaseti yakasimama.

"Yamekufa haya," Mjomba akasema, akiyatoa.

"Tununue mapya," nikasema.

"Mapya ni ya Krismasi."

"Tununue sasa, Mjomba. Nakuomba. Hata mawili."

"Wewe mtoto, unataka mawe mapya kama fundi wa simu! Utaniambia nini nikikuletea?"

"Nitakuambia Mama amepona."

Alikuwa akitabasamu wakati huo, na tabasamu lile lilichelewa kuondoka usoni pake, likawa limebaki hapo peke yake, bila yeye.

Niliendelea kuyaanika yale yaliyokufa. Kwa siku kadhaa redio haikusema lolote, na mimi sikujua Mama yu hali gani.

Halafu siku moja nilitoka shuleni nikakuta uwanja una watu. Wanawake wa jirani walikuwa wameketi chini wamenyoosha miguu, na mkeka wa mihogo ulikuwa umekunjwa ukaegemezwa ukutani, ingawa jua liliwaka. Baiskeli ya Mjomba ilikuwa imelazwa chini, jambo asilolifanya kamwe. Wanawake walinitazama, kisha kila mmoja akamtazama mwenzake. Nadhani sasa kwamba kila mmoja alitumaini ni mwingine atakayeniambia, au kwamba nimekwisha kuambiwa njiani. Nilipita katikati yao nikaingia ndani.

Mjomba alikuwa amepiga magoti mbele ya redio. Kando yake kulikuwa na karatasi ya nailoni iliyopasuliwa, na mkononi alishika jiwe, jekundu, linalong'aa, lisilo na mkwaruzo hata mmoja. Alikuwa akiyaingiza moja baada ya jingine.

"Ni mapya!" nikasema.

"Ni mapya."

"Yote?"

"Yote manne."

Niliikumbatia shingo yake kwa nyuma, na shingo ilikuwa imelowa. Alifunga kifuniko taratibu, akalishika kichwa changu kwa mikono miwili kana kwamba anakipima, akafungua kinywa. Nje mtu alimwita, "Wandera! Wazee wamefika." Akaniachia, akatoka.

Nilikuwa peke yangu na redio. Niliitia kanda, nikairudisha mwanzo, nikaongeza sauti mpaka mwisho, na nikabonyeza.

Mjomba alisema, "Haya, dada, sema," kwa sauti ya kivulana iliyonichekesha. Kisha Mama akasema. Lakini huyu hakuwa Mama niliyemzoea! Sauti ilikuwa nyepesi, ya juu, ya haraka, maneno yalirukaruka, alikuwa kama msichana anayesimulia jambo akikimbia. Hakukuwa na uchovu popote. "Mulembe, Mama," akasema, karibu aimbe, na nikangoja Kukhu aitikie kutoka nje. Hakuitikia. Nikafikiri hajasikia. Nikatoka mbio mpaka katikati ya wale wanawake, nikasimama mbele yake.

"Kukhu! Anakusalimia! Amepona, Kukhu! Sikia, Mama amepona!"

Nyuma yangu, kupitia mlango uliokuwa wazi, sauti ile ya kisichana iliendelea kusimulia habari za ndege na dirisha. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa leso. Mwingine akanyanyuka, akasema kwa hasira ya mtu anayeogopa, "Mtu azime hiyo kitu. Azime sasa hivi."

"Mwache amalize kusema," Kukhu akasema.

Alisimama, akajishika kiuno, akaingia ndani, akaketi kwenye kigoda chake mikono ikiwa magotini. Mimi nikairudisha kanda mwanzo ili asikose kitu. Ilipofika kwenye salamu aliitikia, "Mulembe, mwanangu," kwa sauti kamili kama siku zote. Alisikiliza ya ndege, ya jenereta, ya kola, ya nywele. Ilipofika pale Mjomba anaposema mawe yanaisha, alitikisa kichwa polepole. Kitufe kikalia. Kukhu akaninyooshea mkono nikae mapajani pake, nami nikakaa, ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo.

Jioni redio iliwekwa kwenye kiti nje, na watu wote wakaizunguka. Wasiokuwapo wakati ule huenda wasijue kwamba kwetu msiba ulitangazwa redioni. Simu haikuwapo majumbani, barua ilichukua muda, na ndugu walikuwa wametawanyika kwenye mashamba ya chai, bandarini na reli. Baada ya habari, redio ya taifa ilisoma matangazo ya vifo, na katika kila nyumba nchini watu walinyamaza wakasikiliza jina. Familia iliyofiwa nayo ilisikiliza, ili kuhakikisha kwamba tangazo limesomwa na majina hayakuharibiwa. Kwa ajili hiyo mtu hawezi kutegemea mawe ya kuanika. Kwa ajili hiyo hununuliwa mapya.

Mtangazaji alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea bei ya mahindi. Alisoma jina la Baba, lote, jina la babu likiwamo; akasema popote alipo Mombasa anaarifiwa kwamba mkewe amefariki dunia, na anaombwa afike nyumbani Busia bila kukawia. Kisha akasoma jina la mtu mwingine wa mahali pengine.

Mke wa Baba nilimjua mmoja tu. Hivyo ndivyo nilivyojua, kwa kufikiri hatua kwa hatua, kama hesabu. Lakini hata hapo sikukubali. Nilimwambia Kukhu kwamba wamekosea huko Nairobi, kwamba yule mtu hajasikia kanda. Redio ile ile, kwa mawe yale yale, ilikuwa imesema mambo mawili, na mimi nilikuwa nimelisikia la kwanza kwanza. Kukhu hakubishana nami. Alisema, "Najua," akanivuta karibu.

Baba alifika. Mama alizikwa nyuma ya nyumba. Baada ya siku za matanga tulinyolewa vichwa sote wa damu moja, kama ilivyo desturi, na wembe uliponifikia nilisema kwamba Mama amenikataza. Mzee aliyeushika alisita, akamtazama Kukhu. Kukhu aliniuliza kama Mama alisema kwa nini. Nikasema atanisuka akirudi. Kisha mimi mwenyewe nikainamisha kichwa.

Kanda ile nimeihamisha nyumba baada ya nyumba bila kuicheza. Nilikwisha kuelewa, nikiwa shule ya upili, kilichotokea: Mjomba alirekodi kwa mawe yaliyochoka, kanda ikapita polepole mno, na kinachorekodiwa polepole, kikichezwa kwa nguvu kamili, hutoka haraka na juu. Msichana aliyepona alikuwa kazi ya mawe mapya. Mama mzito aliyezidiwa alikuwa kazi ya mawe mabovu. Katikati yao, mahali fulani, alikuwapo mwanamke halisi, na mimi sikumsikia, au nilimsikia jioni moja nikiwa nimeweka jicho kwenye spika.

Juzi, betri zikiwa bado dirishani, niliichukua kanda nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta mjini, mwanamke mwenye miwani juu ya kichwa na vumbi la mashine kwenye kanzu yake. Aliihamishia kwenye kompyuta, akanionyesha mstari mdogo wa kusogeza kulia na kushoto. Akiusogeza kulia, alikuwa yule msichana. Akiusogeza kushoto, alikuwa mgonjwa wa jioni zile.

"Sasa, madam, tumwache wapi? Hii hapa ni spidi yake? Ama hapa?"

Sikujua. Nilisimama pale na shahada zangu zote, nikiulizwa sauti ya mama yangu ilivyokuwa, na sikujua.

Nilimpigia Mjomba Wandera. Ni mzee sasa. Magoti yaliyovusha mji mzima yamekataa hata ngazi za kanisa. "Nekesa! Mwalimu mkubwa! Leo umekumbuka watu wa baiskeli?" Nilimweleza ninachotaka. Akasema, "Weka."

Nikaisogeza simu kwenye spika. Fundi aliuanza mstari kulia kabisa, akaurudisha kushoto kidogo kidogo. Mama alimsalimu Kukhu, ambaye naye amekwisha kufariki, na nafasi ile ya kuitikia ikapita tupu.

"Bado," Mjomba akasema. "Bado. Punguza. Hapo. La, umepita, rudi. Hapo. Huyo ndiye dada."

Hakuwa msichana wala hakuwa mzito. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyekuwa na umri mdogo kuliko nilio nao leo, iliyokauka kidogo, yenye mzaha. Na kwa mwendo ule wa kweli kulisikika jambo ambalo kwenye miendo mingine yote lilikuwa limefichwa. Kabla ya kusema jina langu, alisimama kuvuta pumzi. Alikuwa akiikusanya. Kisha akalisema bila kutetemeka, Nekesa, kama mtu asiyeumwa na lolote. Fundi alitazama kibodi yake.

Tuliisikiliza yote. Kijana Wandera akasema tosha, dada, mawe yanaisha. Mama akasema ngoja, wacha nimwambie tu. Kitufe.

Simuni kulikuwa na upepo, na mahali fulani nyuma yake lori lililokuwa likibadilisha gia kuelekea mpakani.

"Yangeisha tu," Mjomba akasema. "Mawe huisha tu. Ningemwacha aseme."

Fundi aliniuliza kwa ishara kama ahifadhi pale. Nilimwomba angoje kidogo, kwa sababu Mjomba alikuwa hajakata simu, na nilimsikia bado anasikiliza.